Majani ya Chuma: Historia ya Lori Letu Katika Miaka Kumi



Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzetu wengine wamepewa kazi ya kuandika juu ya bei za mazao, juu ya maghala, na juu ya Wenyeviti waliotutangulia. Sisi wa ofisi ya Katibu tumeombwa tuandike habari za usafirishaji. Tulipoketi kuyapitia majalada yetu, tuliona kwamba sehemu kubwa ya habari hizo yaweza kuelezwa kwa kutazama kitu kimoja, ambacho wanachama wengi wamepita kando yake mara nyingi bila kukiangalia: yale majani ya chuma yaliyo chini ya lori letu kuukuu, ambayo mafundi huyaita springi, na ambayo Kiswahili cha zamani kiliyajua kwa jina la kamani.

Msomaji asidhani kuwa twafanya mzaha. Pamba ya mkulima, hata ikiwa safi namna gani, haimpatii fedha mpaka imefika kinuni. Haifiki kinuni ila kwa magurudumu. Na magurudumu hayafiki popote springi ikikatika. Hayo tumejifunza kwa hasara. Tutayaeleza bila kuficha, kwa kuwa historia inayosimulia mema peke yake haimfai anayekuja nyuma.

ASILI YA SPRINGI

Kabla ya motokaa kuwapo, watu wa Ulaya walisafiri katika magari ya farasi. Magari ya kwanza yalikaa juu ya ekseli bila kitu cha kulainisha mshindo, na kila jiwe la njiani lilimfikia msafiri katika uti wa mgongo. Baadaye mafundi wakaanza kuning'iniza kiti cha gari kwa mikanda ya ngozi, kisha wakatumia vipande vya chuma vilivyopindwa kama upinde. Mwanzoni mwa karne ya 19, fundi wa magari wa London aitwaye Obadiah Elliott alipata hataza ya kuliweka gari juu ya springi mbili mbili zilizokutana ncha kwa ncha, mfano wa yai lililobanwa. Kwa njia hiyo gari halikuhitaji tena boriti nzito ya mti iliyounganisha ekseli ya mbele na ya nyuma, likawa jepesi na likaenda mbio zaidi.

Lakini chuma kizuri kilikuwa ghali. Mwaka 1856 Henry Bessemer alitangaza njia yake ya kutengeneza chuma cha pua kwa kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka, na tangu hapo bei ya chuma hicho ikaanza kushuka. Mwaka 1896 Gottlieb Daimler wa Ujerumani akaunda lori la kwanza la injini. Tangu siku hizo mpaka leo, ingawa injini zimebadilika mara nyingi, malori mengi ya mizigo bado yanakaa juu ya majani ya chuma yaliyopangwa kama yale yaliyobeba magari ya farasi.

Yafaa mwanachama ajue kwa nini majani ni mengi, wala si ubao mmoja mnene. Jani likizidishwa upana mara mbili, ugumu wake huzidi mara mbili. Lakini likizidishwa unene mara mbili, ugumu wake huzidi mara nane. Ubao mmoja mnene ungekuwa mgumu kama jiwe, na ukilazimishwa kupinda ungepasuka. Majani membamba hupinda pamoja, moja likiteleza juu ya jingine, na msuguano wao huutuliza mrusho wa gari. Majani ya chini ni mafupi kwa sababu nguvu ya kupinda ni kubwa katikati, palipo na ekseli, na hupungua kuelekea ncha.

Mwaka 1678 mtaalamu wa Uingereza, Robert Hooke, alichapisha kanuni yake: kadiri mzigo unavyozidi, ndivyo springi inavyoshuka kwa kipimo kile kile. Ikiwa kilo 100 zaishusha sentimita 1, basi kilo 200 zitaishusha sentimita 2. Kanuni hiyo ina mpaka wake. Springi ikipita mpaka hairudi tena mahali pake. Na hata isipopita, ikipindwa mno na mara nyingi mno huchoka. Ufa mdogo usioonekana huanza mahali, ukakua kidogo kila safari, mpaka siku jani linapokatika ghafula. Hivyo jani lililokatika Ijumaa yaelekea lilianza kukatika miezi mingi nyuma.

LORI NA USHIRIKA

Nchini mwetu ushirika na barabara vimekwenda pamoja. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925. Sheria ya vyama vya ushirika ikatungwa mwaka 1932. Na mwaka 1933 kikaandikishwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, kijulikanacho kama KNCU. Huku kwetu Kanda ya Ziwa, reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Lakini reli haiendi shambani. Kutoka kijijini mpaka kinu cha kuchambulia pamba, mzigo ulitegemea njia za vumbi. Mwaka 1955 vyama vikuu vya wakulima wa pamba viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, na Paul Bomani akawa mmoja wa viongozi wake mashuhuri. Mkulima aliyekuwa amezoea kuuza kwa mizani ya mfanyabiashara akaanza kuuza kwa mizani yake mwenyewe.

Nchi nzima ilipata somo la springi baada ya Novemba 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru na njia ya mafuta ya Zambia ikafungwa. Malori yakaanza kubeba mafuta kutoka Dar es Salaam kwa barabara ambayo sehemu kubwa yake haikuwa na lami. Yalianguka mengi, hata njia ile ikapewa jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta lilianza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Mwaka huo huo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na Serikali. Sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu kurudi. Chama Kikuu chetu ni mtoto mdogo katika ukoo huo, kwani kiliandikishwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013.

LORI LETU

Tulipoanza hatukuwa na gari lolote. Tulikodi, na kila msimu wenye magari walipandisha bei siku ile ile maghala yalipojaa. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza Mkutano Mkuu uliazimia tununue lori, na fedha zilizopatikana zilitosha lori moja kuukuu: Bedford la aina ya TJ, ambayo ilianza kuundwa Uingereza mwaka 1958. Letu lilikuwa limetumika miaka mingi kabla wengi wetu katika ofisi hatujazaliwa. Liliandikwa ubavuni kwamba lapaswa kubeba tani 5.

Wapo waliocheka. Mzee mmoja alisema kwamba tumenunua babu ili abebe wajukuu. Lakini lori lile lilikuwa na sifa moja iliyotufaa: kila kitu chake kilifunguka kwa spana na nyundo, na dereva tuliyemwajiri, mtu mzima aliyeanza kazi hiyo kama utingo, alilijua kama mfugaji anavyomjua ng'ombe wake. Msimu wa kwanza na wa pili lilifanya kazi nzuri, na gharama za usafirishaji zikapungua. Tulijisifu katika taarifa ya mwaka. Hatukuandika katika taarifa ile kwamba tangu tulinunue hakuna aliyeshika spana kukaza bolti za springi zake.

MSIMU WA TATU

Katika msimu wa tatu dereva alitueleza kwamba jani kuu la springi ya nyuma, upande wa kushoto, lina ufa karibu na jicho. Jani kuu ni lile refu la juu, ambalo ncha zake zimekunjwa kuwa macho. Macho hayo ndiyo yanayoshika pini, na pini ndizo zinazoishika ekseli isisogee mbele wala nyuma. Dereva alitaka jani jipya. Sisi tulitazama kasma ya matengenezo, tukaona imekwisha. Tukampeleka kwa mchomeleaji, akauziba ufa kwa fedha kidogo, nasi tukaandika katika jalada kwamba kazi imekamilika.

Hapo tulikosa kwa kutojua. Chuma cha springi hupata uwezo wake kwa kupashwa moto mpaka kiwe chekundu, kuzamishwa ghafula katika mafuta, na kupashwa tena kwa moto mdogo zaidi ili kisiwe kikavu mno. Moto wa kuchomelea huharibu kazi hiyo yote. Pale penye mshono chuma huwa kigumu na kikavu kama kigae, na kando yake huwa laini. Kwa macho jani huonekana zima, na walioketi ofisini wakaamini kwamba ni zima.

Wiki tatu baadaye mawingu ya vuli yalianza kukusanyika mapema. Chama kimoja cha msingi kilikuwa na magunia 50 ya dengu ya kilo 100 kila moja, na tani 2 za pamba iliyopimwa daraja la safi. Magunia yale peke yake yalikuwa tani 5 kamili. Njia ya huko hupita mbugani, na mvua ikinyesha udongo wake mweusi hauruhusu gari kupita kwa siku nyingi. Sisi tukaandika hati ya kupakia vyote kwa safari moja.

Dereva alizunguka lori lililokwisha pakiwa, akarudi kwetu akiwa ameshika kofia mkononi.

"Katibu, mwanangu," alisema, "gari limeinama upande wa kushoto. Tushushe pamba, nitairudia kesho."

"Mzee, kesho mvua," tukamjibu. "Nenda polepole tu."

Alitutazama kidogo, akavaa kofia yake, akaenda. Hatujasahau mtazamo ule.

Kwenye mteremko wa korongo, mshono ulikatika. Ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, gurudumu likasugua bodi, na lori likavuta kushoto mpaka likalala mtaroni. Utingo aliyekuwa juu ya mzigo alirushwa akavunjika mguu. Dereva alipona kwa michubuko. Mvua ikanyesha usiku ule. Dengu tuliweza kuianika juu ya maturubai, lakini pamba iliyolowa na kuchanganyika na matope ilipokelewa kinuni kama fifi.

MKUTANO MKUU

Wakulima wa chama kile walikuja Mkutano Mkuu wakiwa na stakabadhi zao mikononi, na kila stakabadhi ilisema safi. Waliuliza swali moja: pamba yetu iligeuka fifi mkononi mwa nani?

Kulikuwa na maoni mengi. Wengine walisema ni ajali, na ajali haina mwenyewe. Wengine walitaka dereva afukuzwe kazi, kwa kuwa ndiye aliyeshika usukani. Wengine walitaka lori liuzwe kama chuma chakavu siku ile ile. Yatupasa kukiri kwamba kwa muda fulani sisi wa ofisi tulinyamaza, kwa sababu maneno ya kumlaumu dereva yalitufaa. Ndipo yule utingo, akiwa amekaa na mguu wake umefungwa, akaomba ruhusa ya kusema. Akasema, "Mzee aliwaambia gari limeinama. Mimi nilisikia kwa masikio yangu." Kisha akanyamaza.

Baada ya maneno hayo hatukuwa na njia ila kusimama na kusema kweli. Tulieleza habari ya ufa, ya kuchomelea, na ya hati ya kupakia, ambayo ilikuwa na sahihi ya Katibu. Mkutano ulijadili mpaka jua likatua. Mwisho uliazimia mambo matatu. Kwanza, Chama Kikuu kiwalipe wakulima tofauti ya bei kati ya safi na fifi kutoka katika ushuru wake, na kimgharamie utingo matibabu na ujira wake mpaka apone. Pili, lori lisiuzwe, bali litengenezwe kama ipasavyo. Tatu, tangu siku ile hati yoyote ya kupakia iwe na sahihi mbili, ya Katibu na ya dereva, na dereva akikataa kutia sahihi gari lisiondoke, na asiadhibiwe kwa kukataa kwake.

Wanachama wapya hutuuliza kwa nini dereva ana mamlaka makubwa namna hiyo. Jibu ni hilo. Katibu huona karatasi, na dereva huona gari.

MATENGENEZO NA MATUNZO

Kampuni iliyounda lori letu iliacha kuunda malori makubwa Uingereza mwaka 1986, hivyo vipuri si rahisi kupatikana. Fundi mwingine alitushauri tuweke jani nene la lori jingine, ili springi iwe na nguvu zaidi. Fundi mzee tuliyemwajiri alikataa, na twaandika sababu zake ili zisipotee. Jani la milimita 10 likiwekwa badala ya la milimita 8 huwa na ugumu karibu mara mbili. Majani yakipinda pamoja, lile nene ndilo linaloumia zaidi, nalo hutangulia kukatika. Tena springi ikifanywa ngumu mno, mshindo hauishii kwake, bali hupanda katika fremu na kulegeza ribiti. Wala breki, ekseli na matairi haviongezeki nguvu kwa sababu springi imeongezwa majani. Lori la tani 5 hubaki lori la tani 5.

Kwa hiyo tulitafuta majani yenye vipimo vile vile, tukabadilisha springi za nyuma pande zote mbili, ili gari lisimame sawa. Kazi ilifanywa hivi. Fremu iliinuliwa na kuwekwa juu ya magogo imara, wala si juu ya jeki peke yake, kwani jeki ikiteleza humuua mtu. Springi zikaachwa zilegee kabla ya kufungua bolti. Bushi na pini zilizolika zilitupwa. Bolti ya katikati iliwekwa mpya, na kichwa chake kikakaa barabara katika tundu la ekseli, kwa kuwa hicho ndicho kinachozuia ekseli isihame. Zile bolti kubwa zenye umbo la herufi U ziliwekwa mpya pia, kwani za zamani zilikwisha kuvutika. Zilikazwa kwa zamu, moja baada ya nyingine, zikakazwa tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, maana majani mapya hukaliana na kulegeza mkazo. Bolti hizo zikilegea, jani hupinda pale pale penye tundu la bolti ya katikati, mahali palipo dhaifu, nalo hukatika.

Tangu hapo tuna daftari la springi. Kila Jumamosi lori husimamishwa tupu mahali tambarare, na urefu kutoka ekseli mpaka fremu hupimwa kushoto na kulia, ukaandikwa. Upande mmoja ukishuka kupita mwingine, sababu hutafutwa kabla ya Jumatatu. Matope huoshwa, kwa kuwa huficha ufa na huleta kutu. Mstari mwembamba wa kutu unaokatiza jani huchukuliwa kuwa ufa mpaka ithibitike vinginevyo. Pini na shakeli hutiwa grisi mpaka ile chafu itoke. Shakeli ni kile kiungo cha nyuma kinachobembea, kwa sababu springi ikinyooka hurefuka, na lazima ipate nafasi. Ikikakamaa kwa ukavu, jani kuu huteseka bure. Mwisho, dereva hutazama kama magurudumu ya nyuma yafuata nyayo za mbele. Lori linalokwenda upande kama mbwa limehama ekseli.

Kazi hii yote haimalizi asubuhi moja. Mwandishi wa daftari hilo ni yule utingo wa zamani. Mguu wake ulipona, ingawa huchechemea siku za baridi, nasi hatuwezi kumrudishia mguu wa kwanza. Kurasa zake hukaguliwa na Kamati ya Usimamizi kama zinavyokaguliwa hesabu za fedha.

NENO LA MWISHO

Wakulima wengi wanajua kwamba springi iliyokatika haitupwi. Wahunzi wetu huipasha moto wakafua mapanga, mashoka na visu, kwa kuwa chuma chake ni kizuri. Jani letu lililokatika lilitakiwa na mhunzi mmoja, naye alitoa bei ya haki. Kamati ilikataa kuliuza. Kipande kirefu kimetundikwa kwenye mkwaju mbele ya ghala, na hugongwa kwa nyundo wakati wa kuita watu kwenye mizani na mikutano. Wanachama mliofika mmeisikia sauti yake.

Twaomba watakaoshika ofisi hii katika miaka kumi ijayo wasikiondoe. Huenda wakanunua malori mapya, nasi twawaombea iwe hivyo. Lakini hata lori jipya lina kiasi chake cha mzigo, na hata chama chenye fedha chaweza kuandika hati asiyoitaka mwenye kuendesha. Kila kengele ikilia, na wakumbuke siku ile mzee alipokuja na kofia mkononi kutuonya, nasi tukamwambia aende polepole tu.

 Ushirika udumu.